Sakafu ya Babu Yako

Joshoni, Nyakahura
Jumanne, baada ya ng'ombe wa mwisho

Mwanangu Konsolata,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini ya kwako naijua. Asubuhi nimekuacha umekalia begi ili zipu ifunge, mama yako anavuta upande wake na wewe upande wako, mnacheka. Mimi mwili haujambo. Kinachoniuma ni kingine, na ndicho kilichonikalisha hapa kwenye kibanda cha dawa wakati wafugaji wote wameshaondoka, naandika nyuma ya karatasi za ripoti ya josho. Nyumbani nisingeweza. Ungepita mlangoni ukauliza, "Baba, unaandika nini?" Ningejibu, "Ripoti," na tayari ningekuwa nimeanza kwa uongo mwingine.

Mambo ya safari mama yako ameshayamaliza. Amekuambia usipokee chakula cha mtu kwenye basi, amekushonea mfuko wa ndani, amekufundisha kufua mashuka meupe kana kwamba hujawahi kufua. Mimi sina la kuongeza hapo. Kesho alfajiri unapanda basi la kwenda Tabora ukasomee ualimu, na kabla hujapanda nina jambo moja ambalo nimelikalia miaka sita.

Hujawahi kuwa kichaa, Konso. Hata siku moja. Na mimi nilijua.

Nimeandika hayo halafu nikasimama nikaenda kufunga bomba la maji ambalo lilikuwa limefungwa. Nimerudi. Baba yako ni mwoga, hilo nalo ulijue leo.

Unakumbuka wiki iliyopita ulipoileta ile fomu ya afya ya chuo? Nilikuwa nakula. Ukaniwekea kidole kwenye mstari mmoja, ukasema kwa sauti ya chini, "Baba, hapa wanauliza kama nimewahi kuugua ugonjwa wa akili. Niandike nini?" Nami sikuacha hata kutafuna. Nikasema, "Andika hapana. Ukiandika ndiyo watakurudisha." Ukanitazama. Halafu ukaandika hapana, ukiibonyeza kalamu mpaka karatasi ikataka kutoboka. Niliona kabisa kwamba unaandika kitu unachodhani ni uongo, na nilikuwa na neno moja la kukutua mzigo huo, nikaomba chumvi.

Jumamosi mama yako akanifuata bandani kwa mbuzi. Unamjua, hapayuki. Akasema, "Mtoto ameomba ruhusa akaungame. Anasema amedanganya kwenye fomu." Akaendelea, "Na unajua siku hizi analalaje? Anajifunga kanga mdomoni. Nimemuuliza, anasema anajizoeza, ili huko bwenini asije akaongea usingizini wenzake wakamsikia." Nikakohoa, nikajifanya namkagua mbuzi masikio. Yule mbuzi hakuwa na lolote.

Kwa hiyo acha nikusimulie kilichotokea, maana wewe unakijua vipande vipande tu, na vipande vyenyewe nilikupa mimi, nikiwa nimevichagua.

Babu yako wa Bugarama, baba yangu, alipofariki ulikuwa na miaka kumi na mitano, kidato cha pili. Tulikwenda wote. Unaikumbuka ile nyumba yake ya zamani, ya miti na udongo, mbuzi wanalala upande mmoja na watu upande mwingine, chini vumbi tupu, Bibi anasiriba kwa udongo na mavi ya ng'ombe kila mara na kila mara nyufa zinarudi. Kwetu, wafiwa hulala chini katika nyumba ya marehemu, juu ya nyasi, mpaka matanga yaishe. Wewe ukalala na Bibi na shangazi zako pale pale alipokuwa akilala mzee, pembeni ya ukuta. Mimi nililala nje na wanaume, kwenye moto.

Asubuhi ya pili ulinifuata ukiwa umekunja mkono wa gauni. Ukasema, "Baba, mle ndani kuna wadudu. Tazama." Palikuwa na vidoti vyekundu, kama vimechomwa na ncha ya sindano, vingine vina weusi katikati. Na mimi, ambaye kazi yangu ni wadudu wanaonyonya damu, mimi ambaye serikali inanilipa nipekue ng'ombe chini ya mkia na ndani ya masikio nikitafuta kupe, sikushika hata mkono wako. Nilitazama huku na huku kama kuna aliyesikia. Nikakwambia, "Nyamaza. Msibani hatulalamiki. Babu yako amelala humo maisha yake yote."

Nilikwambia hivyo kwa ukali kwa sababu ulinigusa penye kidonda. Sakafu ile nilikuwa nimemwahidi mzee. Nilimwahidi nilipopata kazi, nikamwahidi tena ulipozaliwa. Kila nikienda Bugarama ananiuliza, "Ile sakafu?" nami, "Mwaka huu, mzee. Kiangazi hiki." Saruji nikanunua kweli. Ilifika hapa Nyakahura, ikakaa stoo, halafu nikachaguliwa mwenyekiti wa jumuiya, nikaona haifai watu waje kusali kwangu wakanyage vumbi. Nikaimwaga sebuleni kwetu. Hiyo sakafu unayoipiga deki kila Jumamosi, mwanangu, ni ya babu yako.

Na miezi yake ya mwisho alikuwa mgonjwa. Homa inampanda siku tatu, inamwacha, anatoka hadi shambani, halafu inarudi. Shangazi yako Domitila alikuwa akinipigia simu. "Kaka, mzee anaongea na watu wasiokuwepo. Anasema kuna wageni mlangoni." Nikasema, "Ni uzee huo." Akapiga tena, nikasema nina zoezi la chanjo. Mara ya tatu sikupokea. Nilijua nikienda ataniuliza sakafu.

Basi tukazika, tukamaliza matanga, tukarudi Nyakahura. Haikupita hata wiki mbili ukashikwa na homa. Kichwa, viungo, baridi. Nikaenda duka la dawa nikanunua dawa ya malaria bila kukupima, kwa kuwa mimi ni bwana mifugo na najua kila kitu. Siku ya tatu homa ikashuka, ukaoga, ukaenda shule. Nikamwambia mama yako, "Umeona?" Nilivyojisikia mimi siku hiyo!

Baada ya wiki moja mwalimu wako wa darasa akakuleta nyumbani kwa pikipiki, amekushika kiuno. Alisema ulisimama katikati ya somo la Jiografia ukaanza kusema na mtu asiyeonekana. Ulikuwa unawaka moto. Macho yako yalinipita yakatazama nyuma yangu, ukasema, kwa sauti iliyotulia kabisa, "Babu analala chini. Babu anauliza sakafu iko wapi."

Konso, niligeuka kutazama nyuma yangu.

Sasa ninajua ulikuwa umeyasikia msibani, shangazi zako waliyasema usiku kucha wakidhani umesinzia, na kichwa kilichopandwa na homa huokota chochote kilicho karibu. Lakini siku ile sikufikiri hivyo. Nilimwona mzee amesimama sebuleni kwangu, juu ya saruji yake. Mwalimu akauliza, "Sakafu gani anayosema?" Nikamjibu upesi, "Amechanganyikiwa tu." Ndiyo mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwangu.

Mama yako akasema twende hospitali. Nikakataa. Akasema tena, akapiga magoti, mama yako yule. Nikakataa. Nilimwambia ni malaria imepanda kichwani, itashuka. Haikuwa hivyo. Nilikataa kwa sababu ulikuwa unasema. Ungesema kwenye gari, ungesema kwenye foleni mbele ya watu wa parokia, ungemwambia muuguzi kwamba baba yako alimlaza baba yake kwenye vumbi. Nilikufungia chumba cha ndani, nikaweka redio mlangoni nikaifungulia sauti. Majirani nikawaambia umekwenda Nyamiaga kwa mama mdogo. Shangazi Domitila akapiga simu, akasema, "Kaka, huyo ni mzee. Anadai chake. Njoo tufanye mambo yanayotakiwa." Nikamfokea: "Mimi mwenyekiti wa jumuiya nikatambike?" Kwa hiyo hospitali sikukupeleka, Bugarama sikwenda, nilikaa tu nikasikiliza redio.

Unanijua nilivyo mkali kwa wafugaji. Mzee akija hapa akasema mbuzi wake anazunguka, anatafuna bila kitu mdomoni, anagonga kichwa ukutani, jirani amemtupia kitu, mimi namkatisha hapo hapo. "Mzee wangu, hajarogwa huyo. Ni maji moyo, inaletwa na kupe. Tangu lini hujaogesha?" Watu wanacheka, naye anacheka kwa aibu. Nimesema maneno hayo kila wiki tangu nianze kazi. Nilikuwa nikitoka nyumbani nikiwa nimekufungia, nakuja hapa, nayasema, na narudi kukufungulia mlango nikupe uji. Hata siku moja hayakunigonga kichwani. Mjinga gani huyo?

Homa ikashuka tena. Ukalala siku nzima, ukaamka umekonda, huna kumbukumbu ya lolote. Nikamshukuru Mungu, nikazima redio.

Mara ya tatu ilikuwa siku ya mnada. Hii najua unaikumbuka kidogo, maana uliwahi kumuuliza mama yako kuhusu kamba. Uliruka dirisha. Uliwakuta watu wote wa Nyakahura pale, wenye ng'ombe, wauza nyanya, madereva wa malori wanaokula nyama choma, ukapita katikati yao huna kitu miguuni, unalia, unaita, "Sakafu! Jamani, babu anataka sakafu!" Mimi nilikuwa kwenye zizi nakagua vibali. Nilipokuona, sikukimbia kukukumbatia. Nilikimbia kukunyamazisha. Nilikufunga mikono kwa kamba ya kushikia ndama. Ulipiga kelele, ukaniita baba. Mtu mmoja akasema, "Kumbe binti wa bwana mifugo ana kichaa." Na mimi nikainua kichwa, nikawatangazia wote: "Ndiyo. Kichwa chake kibovu. Msimsikilize."

Ndivyo nilivyosema. Nilipiga hesabu haraka haraka nikiwa nimekushika: kama mtoto ni kichaa, basi anachosema hakina maana. Nikawapa watu kichaa chako ili wasiniulize kuhusu sakafu yangu. Sijawahi kuandika sentensi ngumu kama hiyo. Nimeiacha kama ilivyo.

Kesho yake nilikuwa joshoni. Mama yako, ambaye tangu nimuoe hajawahi kwenda hata sokoni bila kuniaga, alikufungua kamba, akakufunga mgongoni mwake kwa kanga mbili kama mtoto mchanga, wewe miguu inaning'inia, akapanda pikipiki akakupeleka hospitali. Niliambiwa na jirani. Nikafuata, na nakuambia ukweli, nilikuwa na hasira njia nzima. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia.

Sikuyasema. Nilipofika, mama mmoja wa maabara, mnene, miwani imemshuka puani, alitoka akauliza, "Baba wa mtoto ndiye wewe? Njoo." Akaniinamisha kwenye hadubini. Kwanza nikaona ukungu. Halafu nikaona damu yako, na katikati ya chembe nikaona vitu vyembamba kama nyuzi zilizosokotwa, vinajinyonganyonga, vinasukumana. Akasema, "Umeviona? Hivyo ndivyo vinavyoongea. Siyo mtoto wako."

Nikainua kichwa kutoka kwenye hadubini.

"Alilala wapi mwezi uliopita?" akauliza. Nikasema, msibani. "Nyumba ya udongo? Chini?" Ndiyo. "Kuna papasi huko?" Nikasema, sijui.

Sijui! Papasi nawajua tangu nikiwa mtoto, Konso. Wanafanana na kupe aliyekunjamana, rangi ya udongo wenyewe. Tofauti ni kwamba kupe wa ng'ombe hung'ang'ania siku nyingi, unaweza kumwona ukamng'oa. Papasi hutoka kwenye ufa watu wakilala, hunyonya kwa muda mfupi, husikii maumivu, halafu hurudi ufani kabla hujageuka upande. Mchana humwoni. Anaweza kukaa humo miaka bila chakula akisubiri mtu alale chini. Akikuachia vile vijidudu, homa inapanda, inashuka, inapanda, na kwa wengine inaingia kichwani. Bibi yangu alikuwa akimwaga majivu ya moto kwenye nyufa kwa ajili yao. Sisi wote tulijua. Wewe ulinionyesha mkono wako na mimi nilijua.

Yule mama akashika mkono wako akatazama alama za kamba. "Na hizi?" Hakurudia swali, na afadhali angerudia.

Walikuchoma sindano. Muuguzi alitutahadharisha kwamba dawa ikianza kuwaua wale wadudu mwili utatetemeka, tusiogope. Tuliogopa. Ulitetemeka mpaka kitanda kikasogea kutoka ukutani, mama yako amekulalia juu, mimi nimeshika miguu yako yote miwili. Nilisema, "Mungu, nichukue mimi," na nilimaanisha, ingawa najua kusema hivyo hakugharimu kitu.

Asubuhi ulifumbua macho ukanitazama mimi, siyo nyuma yangu. Ukasema, "Shikamoo baba." Halafu ukamgeukia mama yako: "Mama, niletee kitana, nywele zangu zimekuwa kama za kichaa." Mama yako akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nilitoka nje. Sikuitikia ile shikamoo.

Daktari aliandika kwenye daftari lako la hospitali. Kwamba ni homa ya papasi. Kwamba kuchanganyikiwa kulitokana na homa hiyo. Kwamba umetibiwa, umepona, na huna ugonjwa wa akili. Mama yako alikuwa anakuvisha viatu wakati daktari ananieleza, na hakusikia yote. Yeye aliambiwa tu ni homa mbaya. Mimi ndiye niliyekabidhiwa daftari. Mama yako nikamwambia limepotea njiani.

Sasa utauliza, baba, ilikugharimu nini kusema? Jibu ni babu yako. Nilikuwa nimeinama kwenye ile hadubini nikakumbuka simu za Domitila. Siku tatu homa, inaondoka, inarudi. Anaongea na watu wasiokuwepo. Wageni mlangoni. Kama wewe uling'atwa na papasi kwa kulala mle siku nne, yeye aliyelala mle maisha yake yote, mzee, amedhoofika, je? Sijui, Konso. Hakuna aliyempima. Labda ulikuwa uzee kweli. Lakini nikisema mtoto wangu alipatwa na papasi wa Bugarama, ukoo mzima utageuka unitazame, na Bibi atawaza sindano moja ambayo ingemtosha mume wake, na mtoto wao bwana mifugo yuko Nyakahura anawaogesha ng'ombe wa watu.

Kwa hiyo nilichagua. Nilichagua wewe uwe mwenye kichwa kibovu ili mimi nisiwe mtoto aliyemwacha baba yake aliwe na papasi. Watu walipouliza ilikuwa nini, nilisema, "Kichwa. Ameombewa, ametulia." Upande wa Bugarama wakasema mzee ameridhika. Nikaacha iwe hivyo, kila upande ukajisemea lake.

Mwezi uliofuata nilikwenda Bugarama na saruji na pampu ya josho. Nikamwambia Bibi nanyunyiza dawa ya mchwa. Nilinyunyiza kila ufa, nikabomoa sehemu ya mbuzi, nikamwaga sakafu kwa mikono yangu, siku mbili, sikukubali fundi. Bibi alikaa kwenye kigoda ananitazama, akasema, "Baba yako angefurahi." Nikaendelea kusawazisha. Tangu hapo hakuna aliyeumwa mle, na mimi nimekuwa nikijiambia kwamba deni hilo limekwisha. Mzee ndiye niliyemmwagia sakafu. Wewe sikukupa kitu.

Nimekuangalia miaka sita. Ulirudia darasa. Wasichana walikataa kulala na wewe kwenye kongamano la vijana, ukarudi ukasema hukupenda chakula. Zamani ulikuwa ukicheka jirani anasikia, sasa unacheka umefunika mdomo. Huna hasira. Watu wananisifu, "Binti yako mpole," na mimi najua siyo upole, unajichunga kila saa kama mtu aliyebeba chungu cha maziwa kwenye utelezi. Katekista alipokuomba usome somo la kwanza Jumapili ya Matawi, ulimwambia, "Je, nikichanganyikiwa pale mbele?" Nilikuwa nimesimama karibu. Nilimwambia, "Muache, usimlazimishe mtu." Watu wakaona baba anamtetea mwanae.

Sitaki kukufundisha kitu. Mtu aliyefanya niliyofanya akianza kutoa mawaidha, mwambie akae chini. Ila utakuwa mwalimu, na siku moja mtoto atasimama katikati ya somo lako aanze kusema na asiyekuwepo, na darasa litacheka au litakimbia. Muulize alilala wapi. Muulize alikuwa na homa lini. Mpeleke akapimwe damu. Labda itakuwa kichwa kweli, na hata hiyo ni maradhi, ina dawa na ina watu wake, hakuna wa kufungiwa wala kufungwa kamba. Nimekuja kulijua hilo nikiwa nimeshachelewa. Hata kama ungekuwa kichaa kweli, Konso, kamba ile ilikuwa dhambi vile vile.

Na ile fomu. Ile hapana uliyoiandika ni kweli tupu. Ulikwenda kuungama dhambi ambayo si yako. Mwenye nayo ni huyu anayeandika.

Daftari lako liko hapa mezani. Halikupotea njiani. Limekaa humu kabatini chini ya madebe ya dawa, limeshika harufu ya josho, lakini mwandiko wa daktari unasomeka. Ni lako. Mwonyeshe unayetaka, au usimwonyeshe mtu. Jumapili nitasimama kwenye jumuiya niseme mimi mwenyewe, wote waliokuwa mnadani wasikie, na baadaye nitakwenda Bugarama nikae mbele ya Bibi. Yeye ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Lakini kuna nyumba nyingi kule zenye sakafu ya vumbi kama ile ya zamani, na watoto wanalala juu yake.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya begi lako, pamoja na daftari, ili uikute Tabora ukiwa umeshafika. Niliona ni busara. Sasa nimeisoma toka mwanzo na nimeona ni ujanja ule ule: nikuache usome peke yako, ulie peke yako, mimi niko mbali naogesha ng'ombe. Ungejifunga ile kanga kwenye basi njia nzima bila kujua.

Kwa hiyo nafunga kibanda, nakuja. Nitakupa mkononi, jua likiwa bado liko juu, na nitakaa kwenye kile kiti cha pembeni mpaka umalize kurasa zote. Mama yako naye atakaa, maana hata yeye hajui yaliyomo kwenye daftari. Ukitaka kunifokea, fokea. Ukitaka kunyamaza mpaka basi lije, nyamaza. Ukitaka kupiga kelele majirani wote wasikie habari ya sakafu, piga, mwanangu, piga kwa sauti yako yote.

Ile redio nilishaihamishia huku joshoni, na leo naiacha huku huku. Na mlango nitauacha wazi.

Marahaba, Konso. Ile ya hospitalini.

Baba yako